Tezi Mbele ya Sikio

"Usiniguse," alisema daktari wa macho. "Usiguse meza, usiguse kitasa, na uso wako mwenyewe uuache kama ulivyo. Kaa hapo, mikono mapajani."

Sindano akakaa. Alikuwa mpelelezi mwenye cheo chake, na majambazi wa haja walishawahi kutetemeka mbele yake, lakini huyu daktari alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, na wifi hatetemekei mtu. Jina la Sindano alibandikwa na wenzake kituoni kwa wembamba wake, na kwa kuwa akishaanza kuingia mahali hatoki mpaka atokezee upande wa pili.

"Nina muda mpaka adhuhuri tu," Sindano alisema. "Mkuu wangu ameshakata shauri. Gari linakuja kumchukua yule fundi, analala mahabusu leo."

"Na wewe hutaki."

"Mimi namtaka aliyeiba. Kama ni yeye, pingu nitamfunga kwa mkono wangu. Lakini kuna kitu hakikai sawa, wifi. Kinaniwasha tangu jana."

"Kama ni jicho linalokuwasha, sema mapema nivae barakoa."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mteja alimpelekea Mzee Sonara zumaridi iwekwe kwenye pete. Mzee alikuwa na desturi yake ya miaka mingi: jiwe la thamani likiingia karakanani, alilichongea wenzake wawili wa kioo, umbo lile lile na rangi ile ile, akayafunga yote matatu katika vikaratasi vinavyofanana bila alama yoyote, kisha akayatia ndani ya sefu ambayo watu wote wa pale walijua ufunguo wake unapokaa. Mwizi akija, na abahatishe. Tena vioo vilikuwa na kazi yake, kwani pete ilipimiwa na kuchomewa juu ya kioo ili moto usilikaribie jiwe lenyewe.

Alhamisi ya wiki iliyopita Mzee alilitazama jiwe kwa mara ya mwisho, akafunga sefu. Ijumaa hakufungua kazi, maana jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba na kufungwa kwa matongo. Karakana ikakaa kimya hadi Jumanne. Siku hiyo mkwe wake, ndiye yule fundi wa kupachika mawe, mke wa mwanawe wa pekee, alifungua vikaratasi ili amalizie pete. Akavaa lenzi. Akatazama la kwanza, la pili, la tatu. Akaita, "Baba, hebu njoo. Yote matatu ni vioo."

Mtu alikuwa ameondoa zumaridi na kuweka kioo chake mahali pake, ili hesabu isipungue. Na kwa kuwa vikaratasi havikuwa na alama, mtu huyo ilimbidi atazame kwanza ajue achukue lipi. Wajuao kutofautisha zumaridi na kioo mle ndani walikuwa wawili tu, Mzee na mkwe wake. Mzee akapiga simu polisi, akamtaja mkwe.

"Jicho la Mzee nimelitibu mimi," alisema daktari. "Alilipata kwa mjukuu wa jirani. Kirusi kile hakina adabu. Kimoja kikiingia nyumbani, familia nzima inaamka imefumba macho."

"Kinaingiaje?"

"Hapa." Daktari alivuta kope lake la chini kuonyesha ule wekundu wa ndani. "Hii ngozi laini yenye majimaji ni ndugu moja na ya puani, ya kooni, na ya matumboni. Ya nje ni ukuta, hii ni mlango, na mlango lazima uwe na walinzi. Machozi yanaosha, tena yana kingamwili zinazomkamata mgeni kabla hajaketi. Ila huyu ni king'ang'anizi. Akipenya, mwili unapiga mbiu, askari wanakusanyika kwenye kituo cha karibu. Kituo cha jicho kiko hapa." Akagusa mbele ya sikio lake. "Tezi ndogo. Inavimba, ukiibonyeza inauma."

"Na macho mekundu kwa vumbi? Kwa kulia?"

"Yatawaka kama nyanya, lakini tezi italala usingizi wake. Vumbi haliitiwi jeshi."

Sindano alikuwa ameanza kutikisa mguu. Wifi yake alimjua. Mguu ule ukianza, nyumba nzima haikai.

"Wifi. Kirusi hicho kikigusa chuma, kinakufa?"

"Kinaweza kukaa wiki kadhaa kikisubiri wa kumdandia. Taulo, kitasa, chochote kilichogusa jicho la mgonjwa."

"Kama lenzi ya sonara? Ile inayovaliwa kichwani ikakaa jichoni?"

Daktari akaanza kutabasamu polepole.

"Alhamisi Mzee alikuwa tayari anaumwa," Sindano alisema, na maneno yakawa yanakimbizana. "Alikuwa na lenzi jichoni kutwa nzima! Fundi ana lenzi yake mwenyewe. Sasa mwizi asiye na lenzi, amesimama mbele ya sefu na vikaratasi vitatu mkononi, atavaa ya nani?"

"Chukua mkoba wangu," alisema daktari, akivua koti. "Ule mweusi. Na glavu, boksi zima."

* * *

Karakana ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka. Meza mbili za kazi zilikatwa nusu mduara kwa mbele, na chini ya kila moja ilining'inizwa ngozi pana ya kudaka chembe za dhahabu zinazoanguka, maana kwa sonara hata vumbi ni mali. Kulikuwa na harufu ya gesi na asidi. Ukutani, misumari miwili, na juu ya kila msumari lenzi yenye waya wa kuzungushia kichwa.

Mzee Sonara aliketi na miwani yake nyeusi. Mlinzi, mtu wa makamo mwenye kikohozi, alisimama kando ya lango la chuma la ngazini. Fundi alikuwa kwenye stuli yake, na konstebo akisimama nyuma yake kwa hofu kwamba ataruka dirishani. Hakuwa na mpango huo. Mama yake alikuwa chini ngazini na mjukuu wa kunyonya, na kila mtoto alipolia, Fundi aligeuza shingo.

"Hizi ni lenzi za nani?" Sindano aliuliza.

"Ya kushoto yangu, ya kulia yake," Mzee alisema. "Na haziguswi ovyo. Lenzi ya mtu ni kama mswaki."

"Hata mkwe wako hajawahi kuvaa yako?"

"Aivae ya nini? Ana yake, ameitengeneza kwa kipimo cha jicho lake."

Sindano alivaa glavu, akaitungua ile ya kushoto, akaipangusa kwa pamba na kuihifadhi pamba hiyo. "Hebu ivae nione inavyokaa."

Mzee alisita, akamtazama daktari.

"Vaa tu, mzee wangu," daktari alimwambia. "Kama kuna wadudu humo, ni wako mwenyewe, mmeshajuana."

Mzee akavua miwani na kuivaa lenzi. Ikateleza, ikapita jicho, ikamwangukia juu ya pua.

"Waya umelegea," alisema haraka.

"Umelegea lini?"

"Vitu huchakaa, afande." Aliivua na kuirudisha, akashughulika sana na kutafuta miwani yake iliyokuwa mkononi mwake.

Sindano aliitazama lenzi ikirudi msumarini. Alimpungia wifi yake aanze kazi. Walikubaliana waseme ni ukaguzi wa afya, na kwa kweli ulikuwa ukaguzi wa afya.

Wa kwanza alikuwa mlinzi. Alipoinua uso mwangani, konstebo alishindwa kujizuia. "Afande! Jicho moja! La kushoto!"

Na kweli, weupe wa jicho lake la kushoto ulikuwa na doa jekundu la kutisha. Moyo wa Sindano ulipiga teke. Mlinzi alikuwa na ufunguo wa lango, sawa na watu wa familia. Alilinda peke yake usiku wa siku zote zile. Hana lenzi.

Daktari aliinama, akavuta kope la chini, akamulika. Akabonyeza mbele ya sikio la kushoto, halafu la kulia.

"Inauma?"

"Hapana, dokta."

"Asubuhi unaamka na matongo?"

"Wala."

"Kikohozi hicho kina muda gani?"

"Ah, hicho kimeshakuwa mwenzangu. Mwezi mzima sasa."

"Umekohoa mpaka ukapasua kishipa," daktari alisema na kuvua glavu. "Ni damu tu iliyovujia chini ya utando, itaisha yenyewe. Uje kesho tukusikilize kifua." Akaenda kunawa. Konstebo alikuwa ameshatoa pingu; akazirudisha kiunoni kama mtu aliyeagizwa sokoni akakuta pamefungwa.

Wa pili alikuwa Fundi. Macho yake yote mawili yalikuwa mekundu, kope zimevimba. Konstebo alikohoa kwa maana.

"Unalia tangu lini, mdogo wangu?" daktari aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu Jumanne."

Vidole vya daktari vikapita mbele ya sikio moja, kisha la pili, vikarudia.

"Hakuna kitu," daktari alisema. "Safi pande zote."

Hapo ndipo hatua za viatu vizuri ziliposikika ngazini, na manukato yakatangulia. Mwana wa Mzee, ambaye wafanyakazi walimwita Bosi Mdogo, aliingia na begi la safari begani. Yeye alikuwa mtu wa kaunta, wa kucheka na wateja. Jumatano ya wiki iliyopita aliondoka kwenda mji mwingine kutafuta wateja, siku moja kabla baba yake hajaugua, na alirudi juzi tu akaikuta nyumba inawaka moto. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye maelezo yake.

"Nasikia mnapima watu," alisema. "Mimi nina haraka, gari linanisubiri."

"Mkeo anapelekwa mahabusu mchana huu na wewe unasafiri?" Sindano aliuliza.

"Ndiyo sababu yenyewe. Naenda kumtafutia wakili wa maana." Hakumtazama mkewe. Alitoa kichupa cheupe mfukoni, akainamisha kichwa nyuma, akadondosha tone katika jicho la kushoto. Alipokigeuza kichupa, kilitoa mlio mdogo sana. Tik.

Sindano aliusikia. Akatazama uso wa wifi yake. Naye alikuwa amesikia.

"Dawa ya nini hiyo?" daktari aliuliza.

"Uchovu wa safari."

"Macho yako meupe kuliko ya mtoto mchanga. Kaa hapa nikutazame, ni dakika moja."

Akakaa, ameweka mguu juu ya mguu. Daktari alimulika jicho la kulia, akaridhika. Akamulika la kushoto. Akavuta kope la chini. Huko ndani, mahali ambapo dawa ya kung'arisha haikufika vizuri, palikuwa na vipele vyekundu vimejipanga kwa wingi. Alipeleka kidole mbele ya sikio la kushoto, akabonyeza.

"Aah!" Bosi Mdogo akaruka.

"Na huku kulia?"

"Huku hapaumi. Huko kwingine nilijigonga."

"Ulijigonga ukavimba tezi," daktari alisema. "Wifi, huyu ndiye. Hiyo dawa imefukuza wekundu tu. Hii tezi haijui kitu kuhusu dawa, yenyewe inajua vita. Vita viko jicho la kushoto, na vimeanza jana au juzi."

Mzee Sonara alikuwa ameushika ukingo wa meza. Fundi aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Basi kosa langu ni nini?" Bosi Mdogo aliuliza, akicheka. "Baba anaumwa macho. Juzi nimerudi, nimemkumbatia. Ameniambukiza."

Sindano alivuta stuli, akakaa mbele yake, magoti yakakaribia kugusana. Alikuwa ametulia kabisa sasa isipokuwa ule mguu. "Dokta, mtu akigusa kirusi hiki leo, ataugua lini?"

"Kinajipika. Karibu wiki nzima, wakati mwingine zaidi. Siyo kesho yake."

"Kwa hiyo huyu kakigusa wiki iliyopita."

"Alhamisi, Ijumaa. Hapo hapo."

"Wiki iliyopita sikuwapo!" Bosi Mdogo alisema kwa nguvu. "Nimekipata huko nilikokuwa! Au huko hakuna watu wenye macho?"

"Wapo," Sindano alikubali. "Nimechukua pamba iliyopangusa lenzi ya baba yako, na nyingine itapangusa jicho lako. Maabara itasema kama ni kirusi kimoja au viwili. Wewe kaa na matumaini. Lakini nieleze jambo moja. Lenzi hii unavaa jicho gani?"

"Mimi sivai lenzi. Sijui mawe, kila mtu anajua sijui mawe."

"Baba hakukufundisha?"

"La."

"Baba?" Sindano aligeuka.

Mzee akainamia meza yake.

"Alimfundisha," Fundi alisema. Sauti ilikuwa imekauka, lakini ilitoka. "Alipokuwa mdogo, alimkalisha pajani akamvika lenzi jicho la kushoto, kama anavyovaa yeye. Kanihadithia mwenyewe usiku wa kwanza wa ndoa yetu. Alijisifu."

Chini mtoto alilia, akabembelezwa.

"Naomba kichupa chako," Sindano alisema.

"Cha nini? Ni dawa tu."

"Dawa huwa haigongi."

Bosi Mdogo alisimama kwa ghafla, stuli ikaanguka. Begi likampiga konstebo kifuani, konstebo akaenda nalo chini, na mtu wa manukato akachomoka kuelekea ngazini. Lakini mlinzi, pamoja na kikohozi chake, alishapiga lango la chuma likajifunga, akaliegemea kwa mgongo, anakohoa na kucheka kwa wakati mmoja. "Pita basi, bosi! Pita!"

Bosi Mdogo akageuka. Alikuwa amebanwa, na mtu aliyebanwa hufikiri kwa tumbo. Aliking'oa kifuniko cha kichupa kwa meno pamoja na kile kidude cha kudondoshea matone, akakiinua kuelekea mdomoni.

"Anameza!" daktari alipiga kelele.

Sindano aliruka meza. Hakuzunguka, aliipanda na kushukia upande wa pili, na kiganja chake kikapiga kifundo cha mkono wa yule mtu kutoka chini. Dawa ikamwagika usoni mwake, kichupa kikagonga ukingo wa meza, na kitu cha kijani kikaruka hewani. Kila mtu alikiona. Kikapiga ukuta, kikapiga meza, kisha kikapotea.

Konstebo alikuwa tayari sakafuni, akaanza kutambaa. "Wapi? Kimeenda wapi?"

"Msisogeze miguu," Fundi alisema. Aliinama chini ya meza yake, akatia mkono kwenye ile ngozi ya kudaka vumbi la dhahabu, akaitikisa kidogo. Akatoa kitu kidogo kama punje ya hindi.

Sindano alikuwa amemlaza Bosi Mdogo kifudifudi, goti mgongoni, pingu zinalia. Alitweta, nywele zimemtimka, na furaha ilikuwa imemjaa mpaka masikioni. "Sema mwenyewe, fundi. Wewe ndiye mjuzi. Ni lenyewe?"

Daktari alikataa jiwe lisogezwe kwenye jicho la mtu kabla ya kupanguswa kwa spiriti, akalipangusa mwenyewe. Kisha Fundi akainuka, akatungua lenzi yake kwenye msumari wa kulia. Waya ukamkaa kichwani sawasawa. Akaliinua jiwe mwangani, akalizungusha polepole kati ya vidole.

"Lina ukungu wake ndani, na ufa ule mdogo pembeni," alisema. "Kioo kina mapovu. Hiki si kioo. Ndilo."

Konstebo alipiga makofi, akaona aibu, akaacha.

"Mwanangu," Mzee Sonara alisema. Alivua miwani, na jicho lake bovu lilikuwa linachuruzika. "Mwanangu, nisamehe. Sikujua. Nimedanganywa na mtoto wangu wa kumzaa."

Fundi alivua lenzi, akaukunja waya taratibu.

"Hukudanganywa, baba," alisema. "Jumanne nilipokuita uje uthibitishe, uliivaa lenzi yako mbele yangu. Ikakuanguka puani, kama leo. Kichwa changu kinaingia ndani ya chako. Aliyeupanua waya ule ana kichwa kikubwa kuliko sisi wote wawili, na humu kichwa hicho ni cha mwanao. Ulikaa umeushika waya kwa muda mrefu, nilikuona. Halafu ndipo ukapiga simu, ukanitaja mimi."

Mzee alivaa tena miwani yake. Mwanawe, shavu likiwa sakafuni, akafumba macho. Sindano, ambaye alikuwa na swali la waya huo ulimini tangu lenzi ilipoteleza, akaona halina haja tena.

Fundi alitia lenzi yake mfukoni na kuacha msumari mtupu. Mlinzi akamfungulia lango, akamwinamishia kichwa. Chini, alimchukua mtoto mikononi mwa mama yake na kutoka naye nje juani, wakati gari la polisi linaegesha mbele ya duka. Dereva alishuka na karatasi mkononi, akamtazama, akatazama karatasi.

"Wewe ndiye fundi? Nimeambiwa nije kukuchukua."

"Panda juu," alimwambia, akipita na mwanawe. "Abiria wako wawili wako huko."